Tahadhari: vidonge vya "nguvu za safari" vinavyouzwa msimu huu wa sikukuu

Ndugu zangu, kama unajiandaa kusafiri sikukuu hizi, soma hili kabla hujamtumia mtu hela. Kuna muuzaji anapita kwenye magrupu ya WhatsApp akinadi vidonge anavyoviita vya nguvu za safari. Eti ukimeza viwili huchoki, husinzii, hutapiki njiani, na hata ukivuka bahari kwa ndege mwili hauyumbi. Anawawinda hasa wanaoendesha usiku na wazazi wanaosafiri na watoto. Shemeji yangu alinunua.

Alimeza viwili jioni kabla ya kushika usukani, kama alivyoelekezwa. Haikupita saa moja mikono ikaanza kutetemeka, jasho likamtoka, moyo ukamwenda mbio mpaka dada yangu aliyekaa pembeni akauona mshipa wa shingo unavyoruka. Bahati nzuri alisimamisha gari mapema. Hospitali presha ikakutwa iko juu, na daktari akauliza amekula nini na kiasi gani. Tukamwonyesha chupa, haikumsaidia kitu. Imeandikwa "mitishamba asilia 100%" na maelezo ya kumeza, basi. Hakuna kiungo hata kimoja kilichotajwa, hakuna miligramu, hakuna namba ya toleo, wala jina la mtengenezaji. Baadaye nilibandua lebo kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na lebo nyingine, ya vidonge vya kupunguza mwili, na tarehe ya mwisho wa matumizi imekwanguliwa.

Hiyo lebo ya chini ndiyo iliyonitisha zaidi, maana dawa za kupunguza mwili na za kuongeza nguvu zina historia mbaya ya kuchanganywa na vichangamsho vikali. Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye efedra mwaka 2004 kwa sababu ya madhara kwenye moyo na mishipa ya damu, na huo ni mmea kabisa. Kwa hiyo neno "asilia" lisikutulize. Kuna kitu kingine kinaitwa DMAA, nacho kimewahi kuuzwa kama kichangamsho ndani ya virutubisho. Kinabana mishipa na kupandisha presha, na mamlaka ya dawa ya huko, FDA, imeonya kuwa kinaweza kufikisha mtu kwenye shambulio la moyo.

Tuseme ndani ni kafeini tupu, kile kichangamsho kilichomo kwenye kahawa na chai. Bado kiasi ndicho kila kitu. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 200 kwa mkupuo na 400 kwa siku nzima, na mjamzito asizidishe 200 kwa siku. Kafeini safi ya unga ni kali kiasi kwamba kijiko kimoja cha chai kinakaribia vikombe 28 vya kahawa. Sasa mtu anayejaza vidonge chumbani kwake bila mizani ya maana anapima vipi? Halafu kwenye grupu mama mmoja aliuliza kama anaweza kumpa mtoto ili asitapike kwenye basi. Akajibiwa ampe nusu. Nusu ya kitu kisichojulikana, kwa mtoto!

Hata ahadi zenyewe zinagongana. Dawa nyingi za kuzuia kichefuchefu cha safari, kama dimenhidrineti, huleta usingizi, ndiyo maana dereva anakatazwa kuzitumia. Anayekuuzia kidonge kimoja kinachozuia kutapika na papo hapo kukufanya ukeshe, muulize kinafanyaje. Na mwili uliovuka majira ya saa hujirekebisha polepole, kwa makadirio siku moja kwa kila saa ya tofauti, ukisaidiwa na mwanga wa mchana na kulala kwa saa za kule ulikofika. Hakuna kidonge cha kuurekebisha papo hapo.

Kwa madereva naomba mnisikilize hapa. Kafeini haiondoi usingizi, inakuzuia tu usiusikie kwa muda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hivi anaanza kufanya makosa sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Macho yakianza kuwa mazito, egesha mahali salama ulale dakika 15 au 20, ukiamka unyooshe miguu, na kama kuna wa kupokezana naye mpe usukani. Ukiweza, lala vizuri usiku wa kuamkia safari na acha kufungasha hadi alfajiri.

Muuzaji huyo mtamtambua kwa mwenendo wake. Anataka hela yote mbele, anakuharakisha kwamba mzigo unaisha kabla ya sikukuu, na shuhuda anazotuma ni zilezile, majina tu yanabadilika. Shemeji alipolalamika aliambiwa ni "sumu zinatoka mwilini", aongeze maji na aendelee na dozi. Alipodai hela yake akapigwa bloku. Wiki hiyohiyo tangazo likarudi kwa namba mpya na jina jipya la dawa, chupa ileile.

Kama umeshanunua, usimeze na usimpe mtu. Usiitupe chupa pia: ihifadhi pamoja na jumbe zake na risiti ya malipo, upeleke taarifa kwa mamlaka ya dawa ya nchi yako na kwa polisi. Na kama umeshameza ukasikia kifua kinabana, moyo unaenda mbio, kichwa kinauma ghafla au unataka kuzimia, usiendeshe gari. Mtu akupeleke hospitali sasa hivi, na chupa mwende nayo.