Regyuleta ya mafuta, geji ya waidibendi na kutyuni Forester yangu Nakuru

Wasee wa tabo (mashini inayosukuma hewa ya ziada kwa injini), acha niwaambie ukweli, pesa iliyonisaidia zaidi kwa hii Subaru Forester yangu ya SG5 si ya rimu wala ya ekzosi, ni ya geji ya waidibendi, ile inayopima kwa moshi wa ekzosi hewa ni kiasi gani kwa mafuta, namba ikishuka mafuta ni mengi. Nilichukua AEM X-Series, ikanitoka karibu elfu thelathini na tano mpaka ifike Nakuru, sensa yake ni Bosch LSU 4.9. Watu huniuliza kwani gari si ilikuja na sensa yake ya oksijeni? Ilikuja nayo ndio, na ukiendesha pole pole inafanya kazi yake vizuri, inashikilia 14.7 yaani kilo moja ya petroli kwa kilo 14.7 za hewa, lakini ukikanyaga mpaka chini kompyuta haiisikilizi tena, inamwaga mafuta vile programu imeandikwa tu, na hapo ndipo injini ya tabo hufia.

Sasa regyuleta, kile kifaa kinachopanga presha ya mafuta yanayoenda kwa injini. Hii ya kurekebishwa na bolti niliwekewa na gereji moja hapa mjini, sitaitaja, wakaikaza presha mpaka PSI 55 (PSI ni kipimo cha presha) wakasema gari itapata nguvu. Nguvu gani sasa! Gari ilikuwa inanuka petroli, plagi nyeusi tititi, na ukipanda kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit ikishika revu za juu inakuwa nzito. Waidibendi ilipofungwa ndio nikaona mambo. Busti, yaani presha ya hewa ya tabo, ikiingia inasoma 10.0 hivi, mafuta yamezidi kabisa, halafu ukikaribia revu 6,000 namba inapanda inapita 12, yaani mafuta yanaanza kupungua pale pale injini inapoyahitaji zaidi.

Fundi aliyenitengenezea alifungua bonet, akaangalia geji ya regyuleta, akauliza, "Mkubwa, hii presha nani aliweka?" Kisha akanieleza vizuri sana, na nataka kila mtu mwenye injini ya EJ20 ya tabo kama yangu aelewe hii kitu. Injekta za gari, zile zinazopuliza mafuta kwa injini, zimehesabiwa na kompyuta kwa presha ya PSI 43.5. Ukipandisha hadi 55 injekta inatoa mafuta zaidi kama asilimia 12 na kompyuta haina habari, haijui umeguza bolti. Halafu regyuleta inafuata busti, kila PSI moja ya busti inaongeza PSI moja kwa reli ya mafuta (bomba linalolisha injekta), kwa hivyo ukiwa na busti ya 14 juu ya 55 pampu inasukuma dhidi ya PSI 69, na pampu yoyote presha ikipanda kiasi cha mafuta inachotoa kinashuka. Ndio maana katikati mafuta yalizidi na juu yakapungua. Bolti moja, shida mbili.

Alichofanya: akachomoa mpira wa vakyumu, akauziba, injini ikiwa inanguruma akaweka 43.5 sawasawa, akafunga nati, akarudisha mpira presha ikashuka hadi kama 36, ambayo ni kawaida kwa sababu vakyumu inaivuta chini. Baada ya hapo hakugusa regyuleta tena. Kila kitu kingine cha mafuta alikifanya kwa laptopu, akibadilisha programu ya kompyuta ya gari, tukitafuta 11.2 hadi 11.5 busti ikiwa imejaa. Kuna wenye watasema hiyo ni mafuta mengi, sawa, lakini petroli ya ziada inapoza chumba cha moto na mimi napenda pistoni zangu.

Kitu kilichofanya nimheshimu zaidi ni kuniuliza naendeshea gari wapi. Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, Kisumu ni kama 1,130, na mimi hushuka huko mara kwa mara. Huko chini hewa ni nzito zaidi na joto nalo ni la Kisumu, kwa hivyo gari ambayo hapa haina neno, kule inaweza kuanza kugonga, yaani mafuta kulipuka vibaya ndani ya injini. Na kweli, nikipita Awasi kuelekea Ahero nilirekodi data nikamtumia kwa WhatsApp, mchanganyiko ulikuwa sawa lakini kompyuta ilikuwa inarudisha moto nyuma, yaani inachelewesha cheche za plagi ili injini isigonge, kwa gia ya nne. Akapunguza taiming (wakati wa cheche) kidogo na busti kidogo, akanirudishia faili, hakuitisha pesa ingine.

Malalamiko yapo. Ile geji ndogo ya maji maji iliyo juu ya regyuleta injini ikipata moto inaanza kudanganya, kwa hivyo presha pimeni na geji nyingine ya kupimia. Mwanga wa AEM usiku pia ni mkali sana, imebidi niihamishe kutoka karibu na usukani.

Waidibendi naipa tano kwa tano, fundi tano, regyuleta tatu, kwa sababu kwa busti hii ile ya kiwanda ingetosha kabisa. Ningekuwa nianze upya leo, hiyo pesa yake ningeiweka kwa pampu ya mafuta ya Walbro ya lita 255 kwa saa, na ndiyo inayofuata, kisha gari irudi kwa laptopu.