Xiegu G90: redio ya masafa mafupi kwa mfuko wa kawaida
Kwa sisi wa Kigoma tulio na leseni ya redio ya ridhaa (ya mawasiliano ya kujifurahisha, si ya biashara) kutoka TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, naipendekeza Xiegu G90, ambayo hurusha kwa wati 20, hupokea kuanzia megahezi 0.5 hadi 30, na ndani yake imo tyuna ya antena, kifaa cha kuioanisha antena na redio, ambacho redio nyingi za bei nafuu hazina, hivyo mnunuzi hulazimika kukitafuta kando. Waya wa mita 20 hivi, uliokatwa katikati, ukaungwa na kebo na kutundikwa kati ya miembe miwili, unatosha kwa mawimbi ya mita 40. Kioo cha inchi 1.8 ni kidogo kwa macho yangu ya miwani, ila betri ya volti 12 huiendesha hata umeme ukikatika. Anayetaka wati 100 aandae fedha zaidi, na betri kubwa.