Unpaywall: kufuli la kijani linanisaidia sana, ila si la kuliamini bila kusoma

Ukifanya utafiti bila kuwa na chuo kinachokulipia majarida, kuna jambo linachosha kweli: unaifungua makala, ikisiri inakuonyesha kuwa ndiyo hasa uliyokuwa ukiitafuta, kisha unaambiwa ulipe. Nimekuwa nikitumia Unpaywall kwa muda mrefu sasa, na ndicho kitu cha kwanza ninachokiweka kila ninapopata kompyuta mpya.

Ni kiendelezi cha kivinjari, kinapatikana kwa Chrome na Firefox, hakina malipo. Ukifungua ukurasa wa makala, kinaitafuta DOI yake, yaani ile namba ya kudumu inayoitambulisha makala, na kuangalia kama kuna nakala halali ya bure popote. Kufuli dogo linajitokeza pembeni mwa ukurasa. Likiwa la kijani, bonyeza usome. Likiwa la kijivu, hakikupata kitu.

Nakala zenyewe zinatoka kwa wachapishaji walioamua kufungua makala, au kwenye hifadhi za mtandaoni kama arXiv, ya fizikia na hisabati hasa, iliyoanza mwaka 1991, na PubMed Central, ya tiba na sayansi ya viumbe, iliyoanza mwaka 2000, pamoja na hifadhi za vyuo vikuu. Kwa sababu hiyo anayesoma fizikia atafurahi kuliko anayesoma historia. Waanzilishi wa Unpaywall, Heather Piwowar na Jason Priem, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti mwaka 2018 wakikadiria kuwa angalau asilimia 28 ya maandiko yote ya kitaaluma yalikuwa wazi kusomwa, lakini kwa yaliyotoka mwaka 2015 ilikuwa asilimia 45. Hata mimi naliona hilo: makala ikiwa ya miaka ya karibuni, nafungua nikiwa na matumaini.

Sasa nije kwenye jambo ambalo natamani kila mwanafunzi aambiwe mapema. Kufuli la kijani linakuambia kuwa ipo nakala ya kusoma, basi. Nakala hiyo inaweza kuwa makala ile ile iliyotoka jaridani, inaweza kuwa mswada wa mwandishi uliokwisha kupitiwa na wataalamu lakini haujapangwa kurasa, na inaweza kuwa rasimu ya kabla haijapitiwa na yeyote. Tofauti yake ni kubwa. Kurasa za mswada hazilingani na za jarida, kwa hiyo ukinukuu namba ya ukurasa kutoka humo unampoteza msomaji wako. Kwenye rasimu hata majedwali na hitimisho huenda yakabadilika baadaye. Mimi husoma kwanza ukurasa wa mbele na tarehe yake, kisha nailinganisha ikisiri na ile ya jaridani, ndipo ninapoanza kuandika chochote.

Kuna pia makala ambazo mchapishaji amezifungua kwenye tovuti yake bila leseni yoyote ya wazi, yaani idhini iliyoandikwa ya kuitumia na kuisambaza. Hizo anaweza kuzifunga tena siku yoyote. Ukiikuta, ipakue hapo hapo.

Na kufuli la kijivu? Si hukumu ya mwisho. Unpaywall kwa makusudi haihesabu ResearchGate, mtandao wa kijamii wa watafiti, wala Sci-Hub, tovuti inayotoa makala bila idhini ya wachapishaji, kwa kuwa inataka vyanzo ambavyo uhalali wake hauna shaka. Msimamo huo nauheshimu, maana nikimpa mtu kiungo najua sitamtia matatani. Lakini mwandishi anaweza kuwa ameiweka makala kwenye ukurasa wake binafsi, na hapo Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta maandiko ya kitaaluma, inafaa zaidi: liandike jina la makala ndani ya alama za kunukuu, kisha fungua kiungo cha matoleo yote kilicho chini ya jibu. Tasnifu, ripoti na majarida mengi madogo hayana DOI kabisa, kwa hiyo huko usitarajie kufuli la rangi yoyote.

Yote yakishindikana namwandikia mwandishi mwenyewe. Sentensi mbili zinatosha: naitaja makala kwa jina lake kamili, naeleza ninaifanyia kazi gani. Wachapishaji wengi wanamruhusu mwandishi kumpa mtu mmoja mmoja nakala ya kusoma, na barua pepe yake mara nyingi iko pale pale chini ya ikisiri, mahali ambapo hakuna anayedai malipo.