UCR: majalada ya Arusha kwa anayeuliza mtuhumiwa ashtakiwe wapi

Ukiingia UCR (ucr.irmct.org), hifadhi ya mtandaoni ya majalada ya ICTR (mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha kushughulikia mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994) na mrithi wake IRMCT, usikimbilie jina la mshtakiwa. Jina linakumwagia kila karatasi, hadi maombi ya kuongezewa muda. Tazama mkia wa namba ya kesi: T ni usikilizaji, A ni rufaa, R11bis ni maombi ya kuhamishia kesi mahakama ya nchi fulani. Hiyo R11bis ndiyo iliyobeba mali.

Anza na ICTR-2005-86, kesi ya Bagaragaza, mmoja wa washtakiwa wa mauaji hayo. Mwaka 2006 majaji walikataa kumpeleka Norway kwa kuwa sheria ya huko haikuwa na kosa la mauaji ya kimbari. Angeshtakiwa kwa mauaji ya kawaida tu. Mwaka 2007 wakakubali Uholanzi, kisha wakaufuta uamuzi huo mwaka uleule, baada ya mahakama ya Uholanzi, katika kesi ya mtu mwingine, kusema haina mamlaka juu ya kosa hilo. Akarudi Arusha, akakiri kosa. Somo kubwa kwa waandishi wa sheria: nia njema ya nchi haitoshi kama kosa lenyewe halimo kwenye vitabu vyake.

Kisha linganisha ICTR-97-36 (Munyakazi) na ICTR-01-75 (Uwinkindi). Nchi ni ileile, Rwanda, majibu tofauti. Mwaka 2008 ilikataliwa: sheria haikuwa wazi kama mfungwa wa maisha angetengwa peke yake, na mashahidi wa utetezi waliogopa kujitokeza. Rwanda ikarekebisha sheria, na mwaka 2011 ikakubaliwa. Aprili 2012 Uwinkindi alihamishwa. Zisome hukumu za rufaa pia, maana baadhi ya hofu za majaji wa awali zilitupwa huko.

Kinachosumbua? Namba za kurasa zinazogongwa na masjala huhesabiwa kinyume, kubwa mwanzoni, kwa hiyo usidhani nakala imepangwa vibaya. Ukinukuu, taja aya. Mashahidi wamefichwa kwa herufi na kurasa za vikao vya faragha hazipo. Lugha za kazi ni Kiingereza na Kifaransa, jambo la ajabu kidogo kwa mahakama iliyokaa Arusha. Halafu namba hubadilika baada ya IRMCT kupokea kazi: Uwinkindi huyohuyo ni MICT-12-25, na humo ndimo zilimo ripoti za waangalizi wa kesi yake, wakiwemo wanasheria kutoka Kenya.

Kwa majalada yaliyokwenda Ufaransa, usitegemee mengi. Kesi ya Bucyibaruta, mshtakiwa mwingine, ilikabidhiwa huko 2007, naye akahukumiwa Paris 2022, miaka 20 jela. Hapa utapata uamuzi wa kuihamisha kesi na ripoti za ufuatiliaji. Ushahidi uliotolewa Paris uutafute Paris.