Uzoefu wangu na Django: kutoka 3.2 hadi 5.2 kwenye mizani ya samaki, Lamu

Natunza mfumo wa mizani wa tajiri mmoja wa samaki hapa Amu. Chombo kikifika, kiwe kimetoka Kizingitini au kimevua hapa karibu nje ya Shela, karani hupima, huingiza aina ya samaki, kilo, bei ya siku na jina la nahodha, na hesabu ya kila mvuvi hutoka tayari kwa malipo ya M-Pesa. Mfumo umejengwa kwa Django, fremuweki ya chanzo huria ya Python (yaani mifupa tayari ya kujengea mifumo ya wavuti), na hifadhidata yake ni PostgreSQL. Nimeupandisha toleo mara mbili, kutoka 3.2 hadi 4.2, kisha 4.2 hadi 5.2, na ni upandishaji huo ninaotaka kuueleza. Fremuweki yoyote huvutia siku ya kwanza. Ya kudumu nayo hujulikana pale mfumo umeshabeba hesabu za watu kwa misimu kadhaa, na toleo ulilojengea linakaribia kuachwa.

Nitoe hukumu yangu mapema: kwa mtu anayetunza mfumo peke yake, kitu bora kuliko vyote katika Django ni ratiba yake. Toleo jipya hutoka takriban kila miezi minane. Kila miaka miwili toleo moja huwekwa kuwa la muda mrefu, na hilo huendelea kupata viraka vya usalama kwa miaka mitatu. 2.2 ilitoka Aprili 2019, 3.2 ikatoka Aprili 2021, 4.2 Aprili 2023, na 5.2 Aprili 2025. Ukishaijua ratiba hiyo, unaweza kuipanga kazi yako hata kabla toleo lenyewe halijaandikwa.

Na kwetu Lamu, Aprili ina maana yake. Ndio kaskazi imekwisha, masika yanaingia, na kusi inaanza kuchafua bahari ya nje. Vyombo vingi hupandishwa pwani, mafundi wanakalafati, na mizani hupumua. Katikati ya kaskazi sithubutu kugusa seva, maana samaki wanashuka usiku na mchana na karani hana nafasi hata ya kunijibu simu. Wenye Django hawakuipanga ratiba yao kwa ajili yetu, lakini imekaa sawasawa juu ya msimu wetu. Tena kati ya toleo jipya la muda mrefu kutoka na lililotangulia kuachwa kuna mwaka mzima, yaani kusi moja kamili ya kufanyia kazi bila kukimbizwa. Mimi husubiri hadi Juni au Julai, marekebisho madogo ya mwanzo yakiwa yameshatoka, ndipo naanza.

Safari ya kwanza, ya 3.2 kwenda 4.2, siwezi kuisemea mengi. Kuanzia 4.0, orodha ya tovuti zinazoaminika kwa kinga ya CSRF (hila ya tovuti nyingine kutuma ombi kwa jina lako) lazima kila anwani iandikwe na https:// yake mbele, na pytz, maktaba ya kanda za saa, ikaachia nafasi zoneinfo iliyomo ndani ya Python yenyewe. Mambo yote mawili yameelezwa wazi kwenye maelezo ya toleo, na la kwanza hata amri ya ukaguzi wa mradi hulikamata. Ilikuwa kazi nyepesi.

Safari ya pili ndiyo iliyonifundisha tabia ya fremuweki hii.

Ushauri rasmi wa Django ni kutoruka: utoke 4.2 uende 5.0, kisha 5.1, kisha 5.2, hata kama nia yako ni kufika 5.2 tu. Niliufuata, na naona una haki. Kabla ya kutoka kila kituo unaendesha majaribio yako na maonyo yote yakiwa yamewashwa, python -Wa manage.py test, na terminali inakutajia kila kitu kitakachoondolewa mbele. Maonyo yana jina linalojieleza: RemovedInDjango50Warning maana yake jambo hili halitakuwepo 5.0. Hakuna kinachoondolewa ghafla. Kitu huonywa kwanza kwa matoleo kadhaa, ndipo kinatolewa. Kwa mtu aliyezoea pakeji zinazobadilika usiku mmoja, hii ni heshima kubwa kwa kazi ya mwenzako.

Onyo lililonishughulisha zaidi lilihusu saa. Hadi 4.2, mradi ambao mipangilio yake haikutaja USE_TZ, swichi ya ukanda wa saa, ulifanya kazi bila kujali ukanda wa saa. Kuanzia 5.0 chaguo-msingi limegeuka: Django inajua ukanda wa saa, na ndani kwa ndani inahesabu kwa UTC, saa ya kimataifa. Mipangilio ya mfumo huu haikuwa na mstari huo kabisa. Kulikuwa na njia ya mkato, kuandika USE_TZ = False na kuendelea kama kawaida. Sikuitaka, kwa sababu malipo yana saa zake na siku moja yatalinganishwa na kumbukumbu za mifumo mingine. Nikaiwasha, kwenye nakala ya majaribio.

Nikampa karani ile nakala ajaribu usiku, kwa mizani ya kweli, huku mfumo wenyewe ukiendelea pembeni. Asubuhi akanipigia. "Kaka, mbona kamba wa leo umewaandika jana?" Nikatazama. Kamba mawe waliopimwa saa nane za usiku walikuwa na saa sahihi lakini tarehe ya siku iliyopita. Waliopimwa alfajiri walikuwa sawa.

Sababu yake ni nzuri kuijua, maana itamkuta yeyote wa Afrika Mashariki. Msimbo ulikuwa unapata tarehe kwa timezone.now().date(). Bila USE_TZ, now() hurudisha saa za hapa, na tarehe yake ni ya hapa. USE_TZ ikiwaka, now() hurudisha saa za UTC, nasi tuko saa tatu mbele. Saa nane za usiku Lamu ni saa tano za usiku huko, na siku haijabadilika bado. Kwa hiyo kila kinachopimwa kuanzia saa sita ya usiku hadi saa tisa kinarudi nyuma siku nzima. Ofisi inayofanya kazi mchana ingeweza kukaa mwaka bila kuliona jambo hili. Kwa wavuvi, saa hizo tatu ndizo zenye samaki, na siku ikikosewa bei inakosewa, kwa kuwa bei ya tajiri hubadilika kila siku. Dawa ni fupi: timezone.localdate(), ambayo hutoa tarehe kwa ukanda uliouweka, kwetu Africa/Nairobi. Nikapita faili zote nikibadilisha, na nikaandika jaribio linalopima samaki saa nane za usiku ili jambo hilo lisirudi tena.

Rekodi za zamani zilibaki salama, na hapo namshukuru aliyechagua PostgreSQL. Kwenye PostgreSQL saa hugeuzwa kuwa UTC siku zote zinapohifadhiwa, kwa hiyo USE_TZ unaweza kuiwasha au kuizima bila rekodi kusogea. Mwenye SQLite au MySQL asijaribu kabla ya kusoma maelezo yake vizuri. Huko saa huhifadhiwa bila ukanda, na za zamani zitasomwa kana kwamba ni za UTC.

Tukiwa kwenye saa, kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Mradi mpya wa Django huandikiwa UTC kwenye mipangilio, lakini ukiufuta mstari huo fremuweki hurudi kwenye saa za America/Chicago. Hiyo ni alama ya kuzaliwa: Adrian Holovaty na Simon Willison waliianza 2003 wakiwa kwenye gazeti la Lawrence Journal-World, jimbo la Kansas, Marekani, na ikatolewa kwa umma Julai 2005. Usiufute mstari huo.

Badiliko la pili lililowagusa makarani moja kwa moja ni kutoka kwenye mfumo. Makarani wawili hutumia tableti moja kwa zamu, kwa hiyo kiungo cha "Toka" hubonyezwa kila siku. Kuanzia 5.0, kutoka kwa kubonyeza kiungo cha kawaida hakukubaliwi tena. Unapata kosa namba 405. Lazima iwe fomu inayotuma ombi la POST, yaani la kupeleka data, pamoja na tokeni yake ya CSRF. Sababu ni ya usalama: ombi la kawaida la GET, lile la kufungua ukurasa tu, linaweza kuanzishwa na ukurasa mwingine bila wewe kujua, na mtu akatolewa katikati ya kazi. Onyo lake lilikuwepo tangu 4.1. Niligeuza kiungo kuwa kitufe ndani ya fomu, nikakipaka sura ileile, na makarani hawakuona tofauti yoyote.

5.1 ilinipa kitu nilichokuwa nakitamani. Inaitwa LoginRequiredMiddleware, na kazi yake ni kufunga kurasa zote kwa asiyeingia, isipokuwa zile ulizozifungua kwa makusudi. Zamani kila ukurasa ulilazimika kuwekewa kufuli yake, na mfumo ukikua unaogopa kuna mmoja umebaki wazi. Kipato cha nahodha ni siri yake na jamaa zake. Mji huu ni mdogo, na habari ya nani kapata ngapi jana hufika uwanja wa Mkunguni kabla ya chai. Kwa kipengele hiki peke yake nisingejuta kupandisha toleo.

Ugumu ulikuja kutoka pembeni. 5.2 inataka PostgreSQL 14 kwenda juu, na seva yetu ilikuwa na 12, ambayo wenyewe waliacha kuihudumia Novemba 2024. Hivyo kupandisha Django kukawa pia kuhamisha hifadhidata. Seva iko nje ya nchi, mimi niko Amu na bando la simu, kwa hiyo kila kitu nilikifanya kulekule kwenye seva, ndani ya tmux, ili mtandao ukikatika au umeme ukizimika kazi iendelee bila mimi. Nawashauri wenzangu wa visiwani: kamwe msishushe hifadhidata kwenye kompyuta yenu na kuipandisha tena kama hamna haja.

Na kulikuwa na pakeji moja ya watu wengine, ya kutoa ripoti za Excel, iliyojifunga kwenye Django chini ya 5. Mtunzaji wake alikuwa kimya. Nikaiondoa, nikaandika ripoti kwa CSV, ambayo mhasibu hufungua kwenye Excel ileile. Tangu hapo, kabla ya kuongeza pakeji yoyote, kwanza natazama kama ilifuata matoleo ya muda mrefu yaliyopita, na kwa muda gani. Django yenyewe inatunzwa na watu wanaolipwa: Django Software Foundation, iliyoundwa 2008, huajiri wachache kwa michango ya watumiaji, na ndio wanaopitia viraka na kutoa matoleo kwa wakati. Pakeji nyingi zinazoizunguka hazina bahati hiyo. Anayelipwa kwa kazi ya Django na ana uwezo, atoe mchango.

Kiswahili kimo pia. Ukiweka lugha kuwa sw, kurasa za usimamizi hugeuka Kiswahili, na karani wetu wa kwanza alijifunza mfumo bila kuogopa kwa sababu hiyo. Tafsiri ni kazi ya kujitolea, na neno ambalo halijatafsiriwa hubaki Kiingereza hadi mtu alishughulikie. Sisi wa pwani tunaweza kulishughulikia. Kongamano la DjangoCon Africa lilianza Zanzibar Novemba 2023 na mwaka 2025 likawa Arusha. Mara mbili zote kwenye nchi ya Kiswahili. Kazi ya kutafsiri isingekosa watu.

Kuhusu viraka vidogo, vile vya 5.2.1, 5.2.2 na kuendelea, huwa sisubiri msimu. Havibadilishi tabia ya mfumo, na vingine ni vya lazima: 5.2.8 ya Novemba 2025 iliziba mwanya wa kupenyeza SQL. Hivyo naweka hata kaskazi ikiwa imepamba moto, baada ya majaribio kupita.

6.0 ilitoka Desemba 2025, na nimeulizwa kwa nini sijaihamia. Ina mazuri, hasa mfumo wa kazi za nyuma ya pazia, ambao ungenifaa kwa kutuma taarifa za malipo bila kumchelewesha karani. Lakini ilichokuja nacho ni njia ya kuzipanga kazi hizo. Mtendaji wa kuziendesha kwenye seva ya kweli bado unamtafuta kwingine. Inataka pia Python 3.12 kwenda juu, na usaidizi wake ni mfupi. 5.2 itahudumiwa hadi Aprili 2028, na 6.2 imepangwa kutoka Aprili 2027. Kusi ya mwaka huo ndipo nitakapoigusa seva tena. Aliye bado kwenye 4.2, hali yake ni nyingine: kikomo chake ni Aprili 2026, na aanze kwa kuuliza hifadhidata yake ni toleo gani.