TAHADHARI: Flashi za 2TB na kisingizio cha "kompyuta inahesabu kwa 1024"

Wakuu, kuna muuzaji wa mtandaoni anasambaza flashi zilizoandikwa 2TB. Ukimlalamikia kwamba mafaili yamepotea, anakujibu kwa upole kabisa: "Hiyo kawaida bosi, kompyuta inahesabu kwa 1024, lazima nafasi ipungue." Jibu lenyewe lina ukweli nusu, na ndiyo maana wengi wanaishia kunyamaza.

Ukweli ni huu. Watengenezaji wanahesabu kwa elfu: 1GB ni baiti bilioni 1, 1TB ni baiti trilioni 1. Windows inagawa baiti hizohizo kwa 1024, mara tatu kupata GB na mara nne kupata TB, halafu inabandika alama zilezile za GB na TB. (IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, walishatoa majina tofauti ya hesabu ya 1024 tangu 1998, gibibaiti na wenzake, lakini Windows haijataka hata kuyasikia.) Kwa hiyo 64GB halali itasoma 59.6, 128GB itasoma 119, 500GB itasoma 465, 1TB itasoma 931GB, na 2TB itasoma 1.81TB. Ukitaka njia ya mkato, zidisha GB kwa 0.93 na TB kwa 0.91. Upungufu ni asilimia 7 hadi 9 tu. Kwenye Mac hata huo hutauona, maana tangu 2009 nazo zinahesabu kwa elfu.

Sasa tazameni flashi niliyouziwa: Windows ilionyesha 1.95TB. Imezidi 1.81! Tapeli kakuongezea nyongeza. Hapo ndipo pa kushtuka. Flashi feki inaweza isionyeshe hata ule upungufu wa kawaida, kwa sababu chipu inayoiendesha imechezewa ili itaje ujazo wa uongo. Nilipoipima, kilichorudi kizima ni gigabaiti 29 na ushee, yaani ndani mlikuwa na memori ya 32GB. Hakuna 1024 ya kuifikisha 2TB kwenye 29GB.

Ubaya wake unachelewa kuonekana. Gigabaiti za mwanzo zinaingia na kutoka vizuri, mnunuzi anafurahi, anampa muuzaji nyota tano. Ukishavuka ujazo halisi, data mpya inamwagwa hewani au inafuta ya zamani. Ukifungua folda, majina ya mafaili yapo yote na ukubwa wake upo, kwa sababu orodha hiyo hukaa mwanzoni mwa memori, sehemu ambayo ni nzima. Bonyeza picha sasa: nusu ya juu watu wanacheka, nusu ya chini kijivu kitupu. Video ndiyo haifunguki kabisa. Kufikia hapo muda wa kurudisha bidhaa umeshapita.

Mwingine anacheza na herufi. Anaandika "256Gb" kwa b ndogo. Hiyo ni gigabiti, na baiti moja ni biti 8, kwa hiyo ukigawa unabaki na 32GB. Akibanwa anasema hakudanganya, ni wewe hukusoma.

Ukinunua flashi, kadi ya memori au diski, usiweke kitu chako chochote kabla ya kuipima. Kwenye Windows tumia programu ya H2testw, kwenye Linux na Mac kuna programu ya F3, zote za bure. Zinajaza memori yote kwa data ya majaribio kisha zinaisoma upya. Kwa ujazo mkubwa kazi hiyo inakula masaa, iacheni usiku. Kunakili filamu mbili tatu na kuziona zinacheza si kipimo, hapo bado uko ndani ya zile 29. Mwishoni H2testw inaandika kiasi kilichorudi salama na kiasi kilichopotea. Piga picha ukurasa huo na uutume kwenye dawati la malalamiko la soko uliponunulia, usihangaike kubishana na muuzaji inboksi.