Maktaba wana takwimu za karafuu, ila kutoka nazo ni vita

Nilisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, naandika hivyo hivyo.

Tasnifu yangu inahusu karafuu ambazo Tanzania imeuza nje, nchi kwa nchi, kwa miaka mingi. Takwimu zake zipo UN Comtrade, hifadhidata ya Umoja wa Mataifa yenye kumbukumbu za biashara tangu 1962. Kwa akaunti ya bure unapata kidogokidogo. Kupakua kwa mkupuo kunataka usajili wa kulipia. Maktaba ya chuo kimoja hapa Dar es Salaam wanao, sharti ukae kwenye kompyuta zao.

Kutafuta kwenyewe hakukunishinda. Karafuu ni 0907 katika mfumo wa HS, yaani namba za kimataifa za kupanga bidhaa za biashara, na tangu toleo la 2012 karafuu nzima zimetenganishwa na zilizosagwa kwa namba za tarakimu sita, kwa hiyo ukitaka mfululizo mrefu chukua namba ya tarakimu nne, usiende kwenye za sita. (Ukifungua faili kwenye programu ya jedwali, angalia ile sifuri ya mbele. Huwa inaliwa, unabaki na 907.)

Faili likawa tayari. Nikachomeka flashi.

Dada wa kaunta akanijia juu mbele ya watu wote: "Nani kakuruhusu kuchomeka hiyo? Chomoa!" Nikamwomba radhi, nikamuuliza nitalitoaje faili maana hata barua pepe wameifungia kwenye mashine zile. "Chapisha." Mistari maelfu, na kila ukurasa unaulipia! Nikamwambia, dada, zikishakuwa kwenye karatasi itanibidi nizichape upya moja moja ndipo nipige hesabu. Akanijibu, "Wenzako wote wanachapisha," akanyoosha mkono akazima kompyuta. Kazi ya asubuhi nzima ikapotea, naye akarudi kwenye simu yake.

Hapo nilitaka kuwaambia msikanyage kabisa. Lakini haki isemwe. Ghorofa ya juu yupo mkutubi, mama mtu mzima. Nilimwamkia, akanivutia kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Ndiye aliyenionyesha kuyatazama mauzo yetu kutoka upande wa mnunuzi: India wanasema wamenunua kiasi gani kwetu? Hesabu hazilingani, akanieleza kwa nini. Muuzaji huandika thamani ya mzigo bandarini kwake, mnunuzi huongeza nauli na bima. Tena mzigo ukipitia Singapore au Dubai, nchi ya mwisho inaweza kuandikwa tofauti pande zote mbili. Hakuna aliyewahi kunifafanulia hivyo darasani.

Faili hakuweza kunipa. Kanuni ya flashi imemfunga hata yeye, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Namba hizi zimetoka kwenye nyaraka za forodha za nchi yetu wenyewe, chuo kimelipia zisomwe, halafu msomaji anafukuzwa nazo mlangoni. Kama wanaogopa virusi, si wafungue barua pepe?

Sasa napakua nyumbani kwa akaunti ya bure, nchi moja moja, usiku. Kama unataka mwaka mmoja au miwili tu, fanya hivyo, usipoteze nauli ya daladala. Lakini kama namba unazo na hazikuelei, basi nenda. Pale kaunta usisimame, panda moja kwa moja kwa yule mama.